Sista Hummel: Mtawa aliyeuza michoro yake viwandani bila kumiliki hata penseli

MWEZI Machi mwaka 1935, wafanyabiashara kutoka nchi mbalimbali walikusanyika mjini Leipzig, Ujerumani, kwa maonyesho ya biashara ya majira ya kuchipua. Katika meza za kampuni ya W. Goebel, iliyokuwa ikitengeneza mapambo ya kaure na udongo, walikuta bidhaa ambayo haikuwapo mwaka uliotangulia.

Vilikuwa vijisanamu vya watoto wa shamba, vya urefu wa kiganja hivi. Mvulana anapiga fidla huku msichana akimsikiliza. Msichana mwingine ameketi, amezama katika kitabu. Mashavu ni mekundu, nywele zimetimka, viatu ni vikubwa kuliko miguu. Chini ya kila kimoja lilichongwa jina moja: M.I. Hummel.

Mwenye jina hilo hakuwapo Leipzig. Alikuwa na umri wa miaka 25, akiishi katika nyumba ya watawa wa Mtakatifu Fransisko huko Siessen, kusini mwa Ujerumani. Miezi michache kabla yake alikuwa ameweka nadhiri za kwanza, na mojawapo ni ile ya ufukara. Kwa nadhiri hiyo, karatasi aliyochorea, rangi alizotumia na penseli aliyoishika havikuwa mali yake.

Hata hivyo, michoro ya mtawa huyo ndiyo iliyokuja kuwa miongoni mwa michoro iliyouzwa zaidi duniani kwa njia ya leseni, yaani msanii kumruhusu mwenye kiwanda aigeuze kazi yake kuwa bidhaa, kwa malipo ya mrabaha na kwa masharti. Namna masharti hayo yalivyowekwa, na yalivyosimama imara katika miaka ya hatari, ndiyo sehemu ya maisha yake inayosimuliwa kwa nadra. Wengi huishia kwenye mashavu mekundu.

Berta Hummel alizaliwa Mei 21, 1909, katika mji mdogo wa Massing, kwenye bonde la mto Rott, jimbo la Bavaria. Baba yake, Adolf, alikuwa na duka ambalo familia iliishi juu yake. Mama yake, Viktoria, aliwalea watoto sita, Berta akiwa wa tatu. Baba mwenyewe alitamani usanaa katika ujana wake, lakini urithi wa duka ukamfunga. Huenda ndiyo sababu hakumzuia binti aliyekuwa akijaza michoro kila kipande cha karatasi kilichopita mbele yake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka baba alichukuliwa jeshini, na msichana huyo akakua miaka kadhaa bila kumwona nyumbani. Akiwa na umri wa miaka 12 alipelekwa shule ya bweni ya masista huko Simbach, mji ulio kando ya mto Inn. Masista wa hapo waliona kipaji chake mapema, wakampa nafasi ya kuchora mandhari za michezo ya kuigiza na mavazi ya waigizaji.

Mwaka 1927 aliingia chuo cha sanaa za matumizi mjini Munich. Jina la chuo lenyewe linaeleza mengi. Hakikufundisha tu kuchora picha za kutundikwa ukutani, bali pia sanaa itakayoingia katika nguo, vyombo, vitabu na samani. Miongoni mwa walimu wake walikuwamo Max Dasio na Else Brauneis. Alijifunza rangi za maji, uchoraji wa sura za watu, ufumaji na ubunifu wa vitambaa. Kwa msichana wa mjini Massing ilikuwa kama kufunguliwa milango yote kwa mara moja, na walimu walitarajia kwamba baada ya masomo angebaki chuoni na kuwa mmoja wao.

Chuoni hapo walikuwapo pia masista wawili wa Siessen, waliotumwa na shirika lao kusomea ualimu wa sanaa. Berta akawa rafiki yao. Machi 1931 alimaliza masomo akiwa katika nafasi ya juu kabisa darasani. Mwezi uliofuata, Aprili 22, alibisha hodi katika nyumba ya watawa ya Siessen.

Uamuzi huo uliwashangaza baadhi ya waliomfahamu, kwa kuwa Berta alikuwa mcheshi, mpenda utani na mchoraji wa vikatuni vya kuwachekesha wenzake. Lakini kwa upande wa kazi yake haukuwa uamuzi wa kuacha sanaa. Masista wa Siessen walikuwa shirika la kufundisha. Lilianzishwa mwaka 1854 na kuhamia Siessen mwaka 1860, katika majengo ya zamani ya watawa wa Kidominiko, yenye kanisa lililojengwa na Dominikus Zimmermann katika karne ya 18. Walihitaji mwalimu wa sanaa, na walikuwa na karakana ya kushona na kudarizi mavazi ya ibada. Alikwenda mahali palipokuwa na kazi ya mikono yake.

Agosti 1933 alivishwa vazi la kitawa na kupewa jina jipya, Maria Innocentia. Herufi za kwanza za jina hilo, M na I, ndizo zilizokuja kuandikwa chini ya mamilioni ya vijisanamu.

Alifundisha watoto katika mji wa jirani wa Saulgau. Inasimuliwa kwamba aliwapa wanafunzi wake picha ndogondogo kama zawadi, na humo ndimo walimozaliwa wale watoto wake maarufu: mchunga bata bukini, mwenye mwavuli mkubwa, anayelia kwa sababu ya jino, wale wawili wanaonong'onezana siri. Hawakuwa malaika wasiogusa ardhi. Soksi zao zilikuwa zimeteremka na suruali zao zilikuwa na viraka.

Shirika lilikuwa na shida ya fedha, kama mashirika mengi ya Ujerumani baada ya mdororo mkubwa wa uchumi. Wakubwa wake wakaona kwamba picha hizo zingeweza kuchapishwa. Wachapishaji wa picha za kidini wa Munich, kampuni ya Ars Sacra ya Josef Müller, walianza kuzitoa kama kadi. Mwaka 1934 mchapishaji Emil Fink wa Stuttgart alitoa kitabu cha michoro yake kikiambatana na mashairi ya Margarete Seemann. Kadi hizo zilienea haraka katika maduka ya miji mikubwa.

Hapo ndipo alipotokea Franz Goebel.

Kampuni ya Goebel ilianzishwa mwaka 1871 na mababu zake huko Oeslau, karibu na mji wa Coburg. Mwanzoni ilitengeneza mbao za kuandikia za wanafunzi, kalamu zake na gololi, kabla ya kuingia katika kaure. Franz alikuwa wa kizazi cha nne. Katika miaka ile ya shida alikuwa akitafuta bidhaa mpya ambayo ingewafanya wanunuzi wafungue mikoba, na alipoziona kadi za Sista Hummel katika duka mjini Munich alitambua kwamba amepata alichokuwa akikitafuta.

Aliandika barua Siessen akiomba ruhusa ya kuigeuza michoro hiyo kuwa vijisanamu. Mtawa huyo hakukubali mara moja. Woga wake unaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuchora. Picha ya karatasini ina upande mmoja tu, ilhali kijisanamu kinazungukwa. Mchoraji hajachora kisogo cha mtoto, wala mgongo wa koti, wala namna mkono unavyoshika kikapu kwa upande usioonekana. Mtu mwingine atalazimika kubuni vyote hivyo, na akikosea, kosa litauzwa kwa jina la mchoraji.

Makubaliano yaliyofikiwa mwanzoni mwa mwaka 1935 yaliutazama woga huo moja kwa moja. Kiwanda kilipewa haki ya kutengeneza vijisanamu kutokana na michoro yake, na mrabaha ulipwe kwa shirika. Lakini hakuna umbo ambalo lingeingia sokoni kabla Sista mwenyewe na shirika lake hawajalikagua na kuliridhia. Likisharidhiwa, saini yake ichongwe katika udongo, chini ya kila kipande.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, sharti hilo la kuridhia lilikuwa na thamani kuliko mrabaha wenyewe. Wasanii wengi wa zama zile waliuza michoro yao kiwandani kwa malipo ya mara moja, wakaondoka, na kiwanda kikafanya kilivyotaka. Mtawa asiyeruhusiwa kumiliki chochote alibaki na neno la mwisho juu ya pua, rangi na mkunjo wa sketi. Na kwa kuwa haki hiyo ilikuwa mikononi mwa shirika pia, haikuweza kufa pamoja naye.

Kazi ya kufinyanga walipewa wachongaji wawili hodari wa Goebel, Arthur Möller na Reinhold Unger. Njia yenyewe ni ndefu. Mchongaji hufinyanga umbo la kwanza kwa mkono. Likikubaliwa hukatwa vipande, na kila kipande hutengenezewa kalibu ya plasta. Udongo uliokorogwa ukawa kama uji humiminwa ndani ya kalibu, plasta hufyonza maji, na ganda jembamba hubaki kwenye kuta zake. Vipande huunganishwa kwa uji uleule, mishono husuguliwa, kisha umbo huingia tanurini. Hufuata kung'arishwa na kuchomwa tena, na baadaye mafundi wa rangi hulipaka kwa brashi nyembamba, kipande kimoja kimoja, kabla ya moto wa mwisho.

Goebel alifanya pia uamuzi wa kiufundi uliokuwa na maana kubwa. Badala ya kaure nyeupe inayometameta alichagua udongo mzuri wa kawaida, unaopokea rangi tulivu zisizong'aa sana. Vijisanamu vikabaki na wekundu wa mashavu na ukahawia wa viatu kama vilivyokuwa kwenye kadi.

Maonyesho ya Leipzig ndiyo yangeamua iwapo gharama zote hizo zingerudi. Haikuwa kazi ndogo kujitokeza pale. Leipzig ilikuwa mji wa masoko tangu zama za kati, na Mfalme Maximilian wa Kwanza aliupa haki za pekee mwaka 1497 na 1507, zilizoyadhibiti masoko ya miji ya jirani. Kwa karne nyingi wafanyabiashara walifika na mizigo yao, wakauza na kuondoka. Reli na viwanda vilipobadili biashara, mji huo nao ulibadilika. Kuanzia mwaka 1895 ukawa mahali pa kuonyesha sampuli.

Tofauti hiyo ni muhimu. Hapakuwa tena gulio la kununua na kuondoka na mzigo begani. Mwenye kiwanda alileta kipande kimoja kimoja cha kila bidhaa, akakipanga katika chumba cha mojawapo ya majumba makubwa ya maonyesho katikati ya mji. Mnunuzi wa jumla au wakala wa maduka ya ng'ambo alipita, akatazama, akageuza, akauliza bei, akaandika oda. Bidhaa zilitengenezwa baadaye, kwa idadi iliyoagizwa. Maana yake ni kwamba mwenye kiwanda aliweza kujaribu wazo jipya bila kujaza ghala. Sampuli isiyoagizwa ilirudi nyumbani ndani ya boksi, na habari yake ikaishia hapo.

Sampuli za Sista Hummel hazikurudi hivyo. Oda zilikuja, nyingine kutoka Marekani, na kiwanda cha Oeslau kikaingia kazini. Hadi mwisho wa mwaka ule wa kwanza vijisanamu 46 tofauti vilikuwa vimeshatolewa. Yule mvulana mwenye fidla na mwenzake ndio waliopewa namba moja. Namba saba alikuwa mvulana mwenye sanduku na mwavuli, msafiri mchangamfu, ambaye baadaye aligeuka kuwa kama nembo ya kazi yote ile.

Lakini ushindi wa Leipzig ulikuja na mzigo. Kila umbo jipya lilipaswa kupita mikononi mwa mtu mmoja, naye alikuwa bado mwalimu, bado anabuni mavazi ya ibada, na bado alitakiwa kuhudhuria sala za saa zote kama wenzake. Wachapishaji nao walitaka kadi mpya. Kati ya mwaka 1935 na 1936 shirika lilimruhusu kurudi Munich kuendelea na masomo ya sanaa. Afya yake, ambayo haikuwa imara sana, ilianza kuonyesha dalili za uchovu. Agosti 30, 1937, aliweka nadhiri za daima.

Mwaka huohuo serikali ya Wanazi ikamgeukia.

Machi 1937, gazeti la kikosi cha mashati ya kahawia, Der SA-Mann, lilichapisha shambulio dhidi ya picha zake. Kosa lake lilikuwa watoto walewale. Utawala wa Adolf Hitler ulitaka mtoto wa Kijerumani aonyeshwe akiwa mkakamavu, mwenye kifua mbele, askari wa kesho. Hummel alichora watoto wenye vichwa vikubwa, suruali za viraka na sura za kushangaa. Mchoro wake wa wavulana wawili wanaocheza gwaride na ngoma na bunduki ya kuchezea, juu ya ombi la amani kwa nchi yao, ulisomwa kuwa ni dhihaka. Inasimuliwa kwamba Hitler mwenyewe alichukizwa nao.

Kwa hesabu ya kawaida biashara ingeishia hapo. Kilichoiokoa, kwa sehemu, ni maonyesho ya Leipzig, kwa kuwa yalikuwa yameshawafungulia vijisanamu hivyo masoko ya nje, na dola ya Wanazi ilikuwa na njaa ya fedha za kigeni. Usambazaji wa kazi zake ndani ya Ujerumani ulizuiwa, lakini uuzaji wa nje ukaachwa uendelee. Sehemu kubwa ya mapato ilichukuliwa na serikali. Waliomtukana gazetini walikula jasho lake.

Hapa pana jambo ambalo haifai kulipita haraka. Fedha za vijisanamu vile ziliingia katika hazina ya utawala uliokuwa ukijiandaa kwa vita na kutesa watu. Sista Hummel hakuwa na uwezo wa kuzuia hilo, na shirika lake lilitegemea kile kidogo kilichobaki ili liishi. Alichoweza kukizuia, au kukifanya, kilikuwa katika karatasi tu. Katika miaka hiyohiyo aliwachora malaika waliovaa kanzu zilizojaa nyota za pembe sita. Mwaka 1938 na 1939, kwa ajili ya kanisa dogo la nyumbani kwao, alisanifu alama ya msalaba na mbele yake kinara cha Kiyahudi cha matawi saba, kuonyesha kwamba Agano la Kale na Jipya ni mwili mmoja. Masinagogi yalikuwa yakichomwa moto nchini mwake. Mchoraji wa vitoto vya kuchekesha alijua alichokuwa akikifanya.

Mwaka 1940 serikali ilifunga shule za kidini na kuyatwaa majengo ya Siessen. Masista wengi walitawanywa. Waliobaki walikuwa wapatao 40, wakibanwa katika sehemu ndogo ya nyumba yao wenyewe, bila joto la kutosha na chakula kikiwa haba. Berta alirudi Massing kwa wazazi. Wengine wangebaki hapo, penye kitanda na mkate wa mama. Yeye baada ya majuma machache aliomba kurudi Siessen, akapewa chumba kidogo cha chini ya ardhi kilichokuwa chumba cha kulala na karakana kwa pamoja. Kwa miaka ya vita, mapato yaliyotokana na kazi yake yalikuwa miongoni mwa machache yaliyowalisha wale waliobaki.

Baridi na unyevu wa nyumba ile vilimmaliza. Mwaka 1944 aligundulika kuwa na kifua kikuu, akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa mapafu huko Isny, karibu na milima ya Alps. Vita vilikwisha akiwa mgonjwa. Dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi ya ugonjwa huo, streptomaisini, ilikuwa imegunduliwa Marekani mwaka 1943, lakini haikuwa kitu cha kupatikana katika Ujerumani iliyoshindwa. Alirejeshwa Siessen katika majira ya kupukutika ya mwaka 1946, na Novemba 6 akafariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 37. Alizikwa katika makaburi ya watawa wenzake.

Hakuyaona yaliyofuata.

Oeslau ilikuwa katika eneo lililokaliwa na Wamarekani, kwa bahati inayofaa kuelezwa. Wakazi wa Coburg walipiga kura mwaka 1919 kutojiunga na majirani zao wa Thuringia, na mwaka uliofuata wakawa sehemu ya Bavaria. Mwaka 1945 Bavaria iliangukia kwa Wamarekani na Thuringia kwa Wasovieti. Kiwanda kilibaki upande wa magharibi, kikizungukwa na mpaka pande tatu. Leipzig nayo ikabaki upande wa pili wa mpaka, chini ya Wasovieti. Jukwaa lililomzaa Hummel kibiashara likawa katika dunia nyingine.

Mahali pa jukwaa hilo pakachukuliwa na askari. Vijana wa Kimarekani waliokuwa wakilinda Ujerumani iliyobomolewa walivikuta vijisanamu hivyo katika maduka ya jeshi, wakavinunua kuwapelekea mama na wachumba. Vilikuwa vidogo, vya bei ya kumudu, na vilionyesha nchi isiyofanana na magofu waliyoyaona kila siku. Chini yake viliandikwa kwamba vimetoka eneo la Marekani nchini Ujerumani. Hapakuhitajika tangazo zaidi ya hilo.

Kuanzia mwaka 1950 kampuni iliweka alama ya nyuki ndani ya herufi V. Hummel kwa Kijerumani ni jina la aina ya nyuki mnene mwenye manyoya, na alama hiyo ilikuwa heshima kwa marehemu. Baadaye wakusanyaji walijifunza kukisia umri wa kijisanamu kwa kutazama nyuki huyo: alivyo mkubwa, alivyo mdogo, anaruka juu au amezama ndani ya herufi. Mwaka 1977 ilianzishwa klabu ya wakusanyaji, na kwa miaka mingi Wamarekani walisafiri hadi kiwandani kama wanaokwenda kuhiji.

Kifo chake hakikulifuta lile sharti la mwaka 1935. Michoro aliyoacha iliendelea kugeuzwa vijisanamu kwa miongo kadhaa, na kila umbo jipya lilipelekwa Siessen likaguliwe na masista kabla ya kuingia tanurini kwa wingi. Mrabaha uliendelea kulipwa kwa shirika, ukasaidia kazi zake za shule na misioni.

Haikuwa amani tupu. Jina likishakuwa na bei, wadai huwa wengi. Waigaji walijitokeza wakiwa na watoto wa mashavu mekundu wasio na saini. Katika familia pia kulizuka swali zito: mtu aliyeingia utawani ameleta nini na ameacha nini nyumbani? Mama yake Viktoria na shirika la Siessen walitofautiana juu ya haki za kazi zake, na mashauri yakafika mahakamani Ujerumani Magharibi. Mpaka uliotambuliwa ni ule wa siku aliyobisha hodi. Michoro ya utoto na ya chuoni ilibaki upande wa familia, ile ya utawani ikawa ya shirika. Ndiyo maana bidhaa zilizotokana na kazi za Berta, msichana wa Massing, zilikuja kuuzwa na kampuni nyingine, sambamba na zile za Sista Maria Innocentia.

Wachambuzi wa sanaa hawakumpa nafasi kubwa. Kwao vijisanamu ni mapambo ya kabati la bibi, utamu uliozidi sukari. Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, hasa kwa vipande vilivyofinyangwa miaka mingi baada ya yeye kufa. Lakini waliomhukumu kwa udongo wa Goebel mara nyingi hawakuziona sura za watu alizozichora kwa mkaa alipokuwa Munich, wala kazi zake za kanisani. Leseni iliyompa jina ndiyo hiyohiyo iliyoyafunika mengine yote aliyoyajua.

Kizazi kilichonunua vijisanamu hivyo kilizeeka, na wajukuu hawakuvitaka. Mwaka 2008 Goebel walisitisha utengenezaji katika kiwanda cha Rödental, jina la mji ulioumeza Oeslau tangu mwaka 1971. Kampuni nyingine zilijaribu kuendeleza kazi hiyo kuanzia 2009, zikapita katika misukosuko ya fedha. Vipande vilivyowahi kugombaniwa na wakusanyaji vikaanza kuuzwa kwa bei ya chini katika minada ya vitu vya marehemu. Vya miaka ya kwanza, vyenye alama ya taji iliyotangulia ile ya nyuki, ndivyo vinavyotafutwa bado na wanaovijua.

Mjini Massing, nyumba ya duka la baba yake ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1994, yakionyesha kazi zake za ujana pamoja na vijisanamu. Kaburi lake liko Siessen, miongoni mwa makaburi ya masista wengine.